Fundi wa kuchora wa Kirumba: nimeuweka mwezi saluni

Saluni nyingi za kiume hapa Mwanza zina ukuta uleule: mitindo ya kunyoa yenye namba, mwanamuziki mwenye miwani, na mchezaji mpira ambaye mamake mwenyewe asingemtambua. Mimi nilitaka mwezi. Nikamfuata fundi mmoja anayechora vibao na mbavu za mitumbwi karibu na soko la samaki la Mwaloni, nikamwambia anichoree ukuta mzima, mtu amesimama mwezini na dunia inaning'inia juu.

Kwa wanaouliza bei: laki mbili na nusu ya ufundi, rangi juu yako. Anapiga msasa kwanza, anaweka rangi nyeupe ya chini, halafu ndiyo rangi ya mafuta. Hapo hana mchezo.

Utamu wa kazi uko kwenye mawe. Nilimwonyesha picha kwenye simu, akazitupia jicho, akageukia ukuta na kuanza kuchora mawe anayoyajua: makubwa, ya mviringo, yamebebana, moja limepasuka. Mteja wangu, mwalimu wa sekondari, akacheka: "Fundi, huu mwezi au Capri Point yetu ya hapa Mwanza? Mawe yetu yamelainishwa na mvua, kule mvua inatoka wapi?"

Hoja nzito. Ila tazama yaliyompata Chesley Bonestell, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa kuchora sayari kabla binadamu hajaenda popote. Mwaka 1957 jumba la makumbusho ya sayansi la Boston lilionyesha mchoro wake wa mwezi, upana wake futi 40, wenye milima iliyochongoka kama visu. Watu walipofika wakakuta milima ya mwezini ina migongo ya mviringo, maana vimondo, vingi vidogo kama vumbi, vimeitwanga na kuisaga kwa mabilioni ya miaka. Mchoro ule ukaondolewa. Halafu Desemba 1972, safari ya Apollo 17, mwanaanga Harrison Schmitt akapigwa picha mwezini kando ya jiwe kubwa mno lililoporomoka kutoka mlimani na kuvunjika vipande. Itafuteni hiyo picha. Ni Mwanza iliyokaushwa ziwa! Mwalimu aliitazama akiwa na povu kidevuni, akanyamaza hadi nikamaliza ndevu.

Kwenye nyota ndipo tulipogombana. Picha za mwezini zina anga jeusi tupu, kwa sababu kamera ilirekebishwa kwa ajili ya ardhi inayowaka jua na nyota hazikupata nafasi. Nilimweleza fundi vizuri kabisa. Akajibu, "Bosi, nikiacha nyeusi tupu watu watasema hukunimalizia pesa." Akamwaga nyota kila kona.

Vivuli vya mawe navyo kavitia zambarau na rangi ya chungwa, ingawa mwezi ni wa kijivu. Hapo sikubisha. Alan Bean, aliyetembea mwezini Novemba 1969 na Apollo 12, aliacha kazi NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 1981 akawa mchoraji, na yeye aliyeuona kwa macho yake alitia rangi ambazo kule hazipo. Aligongagonga michoro yake kwa nyundo aliyoitumia mwezini, na kuchanganya ndani yake vumbi lililonasa kwenye beji za suti yake. Kama mwenyeji kajiruhusu, nani amkataze fundi wa Kirumba? Dunia aliyonichorea ina Ziwa Viktoria lililomeza nusu ya Uganda. Watoto wanaonyoa wanalionyesha kwa kidole kabla hata hawajaliona bara la Afrika, kwa hiyo liache libaki.

Sasa lawama. Anachelewa, na simu yake ina tabia ya kuzimika ukishamlipa. Nyeusi aliizimua mno, karibu na sinki imeanza kutoa malengelenge, na ahadi ya kuja kurekebisha bado naisubiri. Mwanaanga naye ana mikono mifupi.

Nampa nne kati ya tano. Mkienda, nunueni rangi wenyewe, zuieni nusu ya pesa hadi ukuta ukauke, na mkitaka uso wa mtu maarufu tafuteni fundi mwingine, nyuso zinamshinda. Nyota msijisumbue kumkataza.