Siku nne Jinja kwa vikundi vya wanafunzi: mto hauna lawama, kifurushi kina mapengo

Mawakala wa Nairobi huwauzia wanafunzi wa vyuo safari ya siku nne hadi Jinja, Uganda: basi, mahema, chakula na siku moja ya kuteremka Mto Nile kwa boti la mpira. Tunaipa nyota tatu kati ya tano. Mto peke yake ungepata zote tano.

Kwanza, usinunue kwa picha za maporomoko ya Bujagali. Yalimezwa na bwawa la umeme lililozinduliwa mwaka 2012, na bwawa la Isimba, 2019, likafunika mengine chini yake. Yaliyobaki bado ni makali, na wanaoyaongoza maboti wanayajua jiwe kwa jiwe. Kabla ya poromoko la kwanza hufundisha kwenye maji tulivu: ukitupwa nje, lala chali, miguu ielekee mbele, vidole vionekane juu ya maji. Usisimame hata maji yakiwa ya kiunoni. Mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo hukulaza kifudifudi. Tatizo ni jaketi la kuokolea, maana joto likizidi wanafunzi hulegeza mikanda. Mwenzako alivute mabegani: likipanda hadi masikioni, kaza upya ukianzia mkanda wa chini.

Mpakani, dai basi lipitie Busia. Malaba malori hupanga foleni ndefu. Ukitoka Kenya, shughuli zote za uhamiaji hufanyika upande wa Uganda. Mkenya huvuka kwa kitambulisho cha taifa, lakini asiye nacho bado, na mwanafunzi mwenzenu wa kigeni, wanahitaji hati zao mapema. Kinachorudisha watu nyumbani ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano: huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Aliyechanjwa Jumatatu hawezi kuvuka nayo Ijumaa ya wiki hiyo. Wakala anayekusanya pesa wiki moja kabla ya safari bila kuulizia kadi hajui kazi yake.

Malaria ndipo tulipokata nyota ya kwanza. Aliyekulia Nairobi, kwenye baridi ya nyanda za juu, hana kinga ya mtu wa kandokando ya Ziwa Victoria. Kati ya dawa za kuzuia malaria, doksisaiklini ndiyo nafuu kwa mfuko wa mwanafunzi, ila hufanya ngozi iungue upesi juani, na mtoni ni kutwa nzima ya jua la ikweta. Anayeitumia avae mikono mirefu, ameze dawa baada ya chakula kwa glasi nzima ya maji, asilale papo hapo, na aendelee kwa wiki 4 baada ya kurudi. Atovakoni-proguanili ni ghali zaidi, lakini huisha siku 7 baada ya safari. Daktari ndiye wa kuchagua.

Nyota ya pili imekatwa kwa kichocho. Viluwiluwi vyake hutoka kwa konokono na kupenya ngozi, hasa kwenye maji yaliyotulia penye majani, pale pale vikundi hupenda kuogelea jioni. Kupima mara tu mnaporudi hakusaidii, kwa kuwa maambukizi mapya huweza yasionekane. Na prazikwanteli, dawa ya kichocho, haiwaui vizuri minyoo wachanga. Pimeni wiki 6 hadi 8 baadaye. Muulizeni wakala kama kipimo hicho kimo katika bei, na kama hakimo, chama chenu cha wanafunzi kitenge pesa za kila mwanafunzi kabla ya kulipa arbuni.