TAHADHARI: Farasi wa "miaka 1,300", nimeingizwa mjini Luoyang

Jamani mliopo Luoyang, hapa China, na mnaokuja likizo hii, someni kabla hamjatoa hela. Wale wa ghorofa ya nne najua mtacheka. Chekeni.

Jumamosi, saa nne asubuhi, natoka kuchukua begi. Zawadi ya kumpelekea mzee ilikuwa bado inanisumbua, na mnamjua mzee na vitu vyake vya kale. Kando ya barabara kachuchumaa mwanamume wa makamo, koti la mvua, gunia mbele yake. Hakuniita. Hapo ndipo aliponimaliza: hakuniita, nilisimama mwenyewe. Akafunua gunia kidogo tu, kama mama anayechungulia mtoto mgongoni, nikaona kichwa cha farasi.

Farasi wa udongo, urefu kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, shingo imegeukia kushoto. Rangi ya kahawia inang'aa, imechuruzika mpaka magotini, tandiko la kijani, kifua cha maziwa. Sikio la kushoto limekatika nusu. Puani na kwatoni udongo mkavu. Jamaa akalowesha kidole kwa mate, akakigusisha tumboni pasipopakwa rangi, mate yakanywewa papo hapo, akanitazama kama mwalimu. Kwenye simu akanionyesha picha: shamba, shimo, jembe. Kaburi la enzi ya Tang, ukoo wa wafalme wa China ya kale, anasema.

Sasa msiniite mjinga haraka. Ijumaa, siku moja kabla, nilikuwa makumbusho, nimesimama mbele ya farasi wa namna hiyo mpaka miguu ikauma. Sancai, yaani rangi tatu. Walizikwa pamoja na wakubwa wa Tang, kati ya 618 na 907, na walianza kutafutwa na wanunuzi pale reli ilipochimbwa hapa hapa Luoyang mwanzoni mwa karne ya 20, makaburi yakafumuka. Kwa hiyo hadithi ya shamba na jembe ilinikuta nimeiva. Nilijiona msomi! Afadhali nisingekwenda.

Halafu akatokea babu mmoja wa miwani. Akainama, akagonga farasi kwa ukucha, akataja yuan 5,000, hela ya China. Muuzaji akakataa, akaninyooshea kidevu: huyu katangulia. Moyo ulinienda mbio. Nikaskani kwa simu, nikalipa yuan 3,800. Zaidi ya shilingi milioni ya kwetu, kwa mkono wangu huu.

Usiku nikamwosha kwenye beseni. Maji yakawa chai ya maziwa. Udongo wa puani ukabanduka kipande kizima, kama gamba la kidonda, na nyuma yake gundi.

Jumatatu nikapita duka la zawadi karibu na stesheni. Rafu ya chini, farasi sita. Wote shingo kushoto, wote sikio la kushoto limekatika nusu, pale pale. Yuan 80. Nilisimama mpaka dada wa dukani akaniuliza kama naumwa.

Wafinyanzi sina ugomvi nao. Kuna kijiji cha Nanshishan, nje ya mji, wanaishi kwa kufinyanga nakala hizi na mikono yao ni ya ajabu. Ugomvi wangu ni na yule mwizi wa gunia na babu yake wa kukodi. Wakamatwe! Wafungwe pingu pale pale barabarani, wapigwe faini mpaka wauze miwani. Mtu anakutemea mate mbele ya macho yako na wewe unalipa!

Dalili? Mate hayathibitishi chochote, udongo wowote uliochomwa bila kupakwa ule mng'aro unakunywa maji. Mteja wa pili akitokea ghafla na bei kubwa, ondoka. Na hili nimeambiwa na kaka yetu wa sheria baada ya kuumia: kilichofukuliwa ardhini China ni mali ya serikali, na vitu vya kale vya kabla ya 1911 haviruhusiwi kutoka nchini. Maana yake farasi angekuwa wa kweli, sasa hivi ningekuwa najieleza uwanja wa ndege.

Polisi wameniomba picha. Ninazo 14, zote za farasi. Ya muuzaji hata moja. Aliyepita mtaa ule Jumamosi na akamwona mtu wa koti la mvua la bluu, mfupi, jino la mbele la fedha, anitafute.