Arki za mimea kwenye bia ya nyumbani: uzoefu wangu hapa Tabora

Nimetumia arki tatu za mimea (viini vikali vya majimaji vilivyotolewa kwenye mmea) kwa miezi minane sasa: ya hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu, ya ganda la chungwa na ya tangawizi. Nilizipata Dar es Salaam, zikaja kwa basi, vichupa vya kioo cheusi vya mililita 30. Bia yangu ni ya kimea cha mtama, napika lita 10 kwa mara moja, ya kunywa nyumbani Ng'ambo na wageni wa Jumapili. Siuzi.

Hopsi ndiyo iliyonifanya nizitafute. Bia ya mtama isiyo na uchungu inabaki kama togwa iliyochacha, na mmea wa hopsi ni wa nchi za baridi, huku kwetu hatuupandi. Maua makavu niliyowahi kuletewa yalifika yananuka jibini, kwa kuwa yalikuwa yamekaa kwenye joto. Arki haina tabu hiyo. Tena uchungu wa maua hautoki mpaka yachemke kama saa nzima, lakini arki hii imeshapitishwa hatua hiyo kiwandani. Mimi nachemsha dakika 15 tu za kuua vijidudu, natia arki ya hopsi mwishoni. Mkaa ninaookoa hapo, kwa bei ya sasa, si mdogo.

Chungwa lilinisumbua sana. Mara ya kwanza nilitia sufuria ikiwa jikoni, harufu yote ikaondoka na mvuke. Mara ya pili nikatia pamoja na hamira; bia ilipochemka kwa gesi siku tatu nne, gesi ikaibeba. Mara ya tatu nikasema basi, nikatia matone 40 kwenye ndoo iliyokwisha tulia. Povu halikusimama hata kidogo na bia ikawa na ladha ya sabuni. Bibi yangu, aliyepika wanzuki, pombe ya asali, miaka mingi na ulimi wake nauamini kuliko kipimo chochote, alionja akaniambia: "Mjukuu wangu, ganda nimeliona. Chungwa liko wapi?"

Arki ya ganda ni mafuta, na mafuta hayakubali maji. Yanaelea juu, yanaua povu, na anayekunywa glasi ya kwanza anayameza yote. Sasa nachanganya kwanza mililita 1 ya arki na mililita 9 za pombe kali isiyo na harufu, natikisa, halafu napima kwa bomba la sindano lisilo na ncha. Naanza na glasi ya mililita 250 ya bia iliyokwisha tulia: tone moja, naonja, la pili, naonja. Glasi 40 za namna hiyo ni lita 10, kwa hiyo kila tone ninaloridhika nalo kwenye glasi ni matone 40 ya mchanganyiko kwenye ndoo. Mimi na bibi tumesimama kwenye matone mawili. Kibandiko cha chupa kinaelekeza zaidi ya mara mbili ya hapo; kwa bia nyepesi ya mtama, msikifuate.

Mkupuo niliotia chungwa kwa kipimo hicho, na asali kidogo ya miombo, ndio bora niliowahi kupika. Bibi aliomba glasi ya pili, na yeye haombi.

Tangawizi sitaagiza tena. Ukali wake unashika koo, lakini ile harufu mbichi ya tangawizi haimo. Ninayoinunua sokoni, nikaiponda na kuitia siku ya mwisho ya kuchemka ndoo, inaishinda mbali na ni rahisi.

Jambo la kuhifadhi: chupa yangu ya kwanza ya chungwa niliiweka kabatini, ikapita joto lote la Oktoba. Nilipoifungua ilinuka tapentaini ya mafundi rangi, nikaimwaga ikiwa nusu. Ya pili iko kwenye friji, kifuniko kimekazwa, na mpaka leo inanuka chungwa lililomenywa sasa hivi.