Hofu ya mionzi ya simu: kipi ununue kwanza ukiwa Kigoma

Namba moja yangu ni spika za masikioni zenye waya, tena ziko mbali na zinazofuata. Mawimbi ya simu hupungua haraka sana ukijitenga nayo. Simu ikiwa mezani nawe unaongea kwa waya, kichwa kinapata kidogo mno. Ila usiitie mfuko wa shati, hapo umehamisha mawimbi kutoka kichwani kwenda kifuani. Loudi nayo inafaa, na ni bure, lakini kwenye daladala ya Ujiji tuhurumie.

Hofu yenyewe ina ukubwa gani? Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani, IARC, liliyaweka mawimbi haya kundi 2B, yaani "huenda" yakasababisha saratani. Uchambuzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, na kutolewa 2024 haukuona uhusiano na saratani ya ubongo. Mawimbi haya si kama eksirei, hayana nguvu ya kuvunja DNA. Kinachojulikana ni joto dogo mwilini.

Namba mbili ni simu janja ya 4G iliyo halali. Piga *#06# kabla hujatoa hela upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, kisha itume kwa meseji kwenda 15090 uone kama jina la simu linalingana na uliyoishika. Feki haijapimwa na yeyote, hata kama boksi lina namba nzuri za mionzi. Simu nyingi ukipiga *#07# zinaonyesha SAR, kipimo cha nishati inayoingia mwilini. Kikomo cha Ulaya ni wati 2 kwa kilo kichwani, cha Marekani 1.6, na vipimo vyenyewe havifanani. Usihangaike kuchagua kati ya 0.6 na 1.1. SAR hupimwa simu ikisukuma kwa nguvu zote, na kwa Kigoma kinachoamua ni mnara. Kwenye treni porini baada ya Uvinza, au kijiji cha ziwani kilichofichwa na milima, mtandao ukibaki kijiti kimoja simu yoyote inakaza. Kwa hiyo waulize majirani laini gani inashika vizuri nyumbani kwako. Laini hiyo itakusaidia kuliko kuongeza laki moja kwenye simu.

Namba tatu, spika za bluetooth. Zinatoa mawimbi machache kuliko simu, sina ugomvi nazo, ila bei na kuchaji, na kimoja hupotea.

Nne ni kitochi cha 2G. Wengi hukiona salama kwa udogo wake, kumbe 2G hupiga kwa mipigo inayoweza kufika wati 2. Ule mkoromo redioni simu inapotaka kuita ndiyo hiyo mipigo. Kwa chaji nakipenda, sikioni kwa nusu saa hapana.

Mkiani ni stika za "kuzuia mionzi". Zikizuia kweli, simu italazimika kukaza zaidi kuutafuta mnara. Zisipozuia, umenunua pambo. Muuzaji akikupa ya bure, mpe mtoto abandike kwenye daftari.