Uraia wa tajnisi au kibali cha ukaazi?

Umetoka Msumbiji, umeweka maskani Tandahimba, mkoani Mtwara. Uombe uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba si wa kuzaliwa, au ubaki na kibali?

Kuanza, kibali ni chepesi, ila kina mwisho. Kila kikikaribia kuisha unarudi Uhamiaji na mfuko wazi. Tajnisi inataka subira: uwe umekaa nchini mwaka mzima kabla ya kuomba, na jumla ya miaka 7 katika 10 iliyotangulia mwaka huo. Kujua Kiswahili au Kiingereza nako kunatakiwa, jambo ambalo huku halimtishi mtu.

Uzito uko kwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya 1999 haimmilikishi mgeni kama wewe isipokuwa kwa uwekezaji, na mkorosho ni mti wa kurithisha. Kura nayo ni ya raia.

Lakini Tanzania hairuhusu mtu mzima uraia wa nchi mbili. Ukila kiapo cha utii, wa kwanza unaukana, na mwenye wazazi Mueda, kule Msumbiji, hapo ndipo anaposita. Jirani, kwa upande wake, haulizi cheti; msibani ulishahesabiwa.

Mwenye mkataba wa kazi bandarini Mtwara, kibali kinamtosha. Aliyezaa na kupanda mikorosho hapa, ningemhimiza aombe, mradi kwanza azungumze na wazazi wa ng'ambo ya mto Ruvuma.