Chungu kipi cha maua ununue: kuanzia ninachokipenda hadi nisichokitaka

Kabla ya kuuliza chungu kipi kizuri, utazame kwanza mkono wako. Kuna mtu asiyeweza kuupita mmea bila kuutilia maji: glasi ikibaki na mafunda mawili, humo humo. Na kuna mwingine anayekumbuka kuwa ana mmea siku majani yamekwisha kulala. Wape hawa wawili chungu cha aina moja na mmea wa aina moja, na haitachukua muda mmoja wao atakuwa njiani kutafuta mmea mwingine.

Chungu hakishiki udongo tu. Ndicho kinachoamua maji yakae muda gani na hewa iingie kiasi gani, na mizizi inavitaka vyote viwili. Mzizi unapumua. Udongo ukijaa maji siku nyingi hewa inakosa nafasi, mizizi inadhoofika, kisha vimelea vya kuozesha vinamalizia kazi. Ubaya ni kwamba huko juu dalili zinafanana na za kiu: majani yananyauka na kugeuka manjano. Mwenye mmea akiona hivyo anaongeza maji.

Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa kumfikiria yule wa kwanza, mwenye mkono wa maji, kwa kuwa ndio sisi tulio wengi. Kama wewe ni wa pili, nitakwambia pa kurukia.

Kwanza geuza kitako

Dukani tunakitazama chungu usoni. Kigeuze. Kama kitako hakina tundu, hicho ni chombo cha pambo, si chungu cha kupandia. Niliwahi kununua kimoja cheupe cha kauri, kizuri ajabu, nikapanda humo pothosi, ule mmea wa ndani unaotambaa. Muuzaji alinihakikishia kuwa nikiweka kokoto chini sihitaji tundu. Miezi mitatu ikapita, majani yakawa yanaanguka moja moja. Nilipokipindua, yalitangulia maji yenye harufu ya mtaro, zikafuata kokoto, mwisho mizizi ya kahawia. Niliushika mmoja kwa vidole viwili nikauvuta: ganda likachomoka lote kama ala ya kisu, ndani ukabaki uzi mwembamba.

Hili la kokoto nitalisema kwa kirefu maana linarudiwa kila mahali. Maji hayateremki kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto kirahisi kama tunavyodhani. Chembe za udongo huyashikilia katika mianya yake myembamba, na kokoto zenye mianya mikubwa hazina nguvu ya kuyavuta. Basi yanasimama hapo juu ya kokoto mpaka udongo uzidiwe, ndipo yanadondoka. Kila chungu, hata chenye tundu, hubaki na tabaka la udongo chepechepe chini baada ya kumwagiliwa. Ukiweka kokoto hujaliondoa tabaka hilo. Umelipandisha tu, likawa karibu zaidi na mizizi.

Chukua sponji ya kuoshea vyombo ujionee. Iloweshe mpaka ijae, ilaze juu ya waya wa kukaushia vyombo, usubiri iache kudondosha. Sasa isimamishe wima. Itaanza kudondosha tena, ingawa hujaiongezea hata tone. Sponji ni ile ile na maji ni yale yale. Kilichobadilika ni kimo. Vyungu navyo ndivyo vilivyo. Chungu kifupi na kipana hubaki na unyevu mwingi kwa kiasi cha udongo wake, na kirefu kina sehemu kubwa zaidi inayokauka na kupata hewa. Kwa hiyo kile kibakuli cha kuvutia ambacho watu hupandia mishubiri na mipungate midogo ni mtego, labda kama umechanganya udongo wake na mchanga mwingi wenye chembe kubwa.

Tundu likiwa kubwa mno, kipande cha wavu wa dirisha kinatosha kuzuia udongo usimwagike. Hakuna haja ya kitu kingine.

1. Udongo wa kuchoma usiopakwa kitu

Hiki ndicho cha kwanza, na sioni aibu kusema kinakisamehe kiherehere chako. Kuta zake zina vitundu visivyoonekana kwa jicho, maji yanapenya na kukaukia nje, hewa inaingia. Maji yanapokauka ukutani hupoza chungu, jambo lenye faida mahali penye joto. Mshubiri, mpungate, sansevieria yenye majani kama panga, mimea yote yenye kutunza akiba ya maji mwilini hukaa raha humo.

Kikiwa kipya usikipandie kikavu. Kitumbukize kwenye ndoo ya maji, utakisikia kikinong'ona huku mapovu membamba yakipanda. Mapovu yakiisha, kimeshiba. Usipofanya hivyo kitafyonza maji ya kwanza unayomwagilia kabla mche haujayaonja.

Baada ya miezi kadhaa utaona weupe kama unga kwenye kuta. Huo si ukungu mara nyingi, ni chumvi za maji na mbolea zilizobaki maji yakikauka. Brashi na siki iliyochanganywa na maji vinautoa. Wapo wanaouacha kwa kuupenda, nami ni mmoja wao.

Lawama zake ni mbili: kinavunjika, na hukausha haraka mno kwa mtu msahaulifu au kwa mimea yenye kupenda unyevu kama kangaga. Penye baridi ya kugandisha maji kina la tatu: maji yaliyomo ndani ya kuta yakiganda yanatanuka, na chungu kinapasuka au kumenyeka vipande.

2. Plastiki nyepesi, ikifichwa ndani ya pambo

Najua wengi wataniuliza inakuwaje kile chungu cheusi cha kitalu, ambacho watu hukitupa siku ya kwanza, kikakaa nafasi ya pili. Hicho hicho. Kina matundu mengi chini, hakina uzito, na ukitaka kuhamisha mmea unaminya kuta pande mbili, bonge lote linateleza nje bila kuumiza mizizi. Jaribu hilo kwa kauri.

Ukiupenda mwonekano wa kile chombo kisicho na tundu, kinunue tu, lakini kiwe vazi. Kiwe kikubwa kidogo kuliko cha plastiki, ukitumbukize humo. Siku ya maji unakitoa cha ndani, unakimwagilia kwenye sinki mpaka maji yatoke chini, unakiacha kichuje, unakirudisha. Sinki haipo? Kimwagilie pale pale, kisha baada ya nusu saa mimina yaliyotuama.

Plastiki haipitishi maji ukutani, kwa hiyo udongo hukaa na unyevu muda mrefu. Msahaulifu, anzia hapa. Mwenye mkono wa maji, ingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili kabla ya kumwagilia, na ukikuta unyevu, ondoka.

Unaponunua, tazama namba iliyo ndani ya pembetatu kwenye kitako. 5 ni polipropilini, ngumu yenye kunyumbulika, inavumilia. 6 ni polistirini, ambayo mara nyingi hukatika kama biskuti ukiibana. Plastiki ya kawaida ikipigwa na jua miaka mingi hupauka na kuwa dhaifu, na ile nyeusi ikikaa jua la mchana hupasha udongo joto kiasi cha kuunguza mizizi ya upande unaopigwa na jua. Nje chagua ya rangi nyepesi.

3. Mfuko wa kitambaa, kwa mboga na kwa nje

Kwa nyanya, pilipili na viazi kwenye kibaraza au ua ningeuweka wa kwanza. Uko hapa chini kwa kuwa haufai sebuleni: unavuja kila upande na unachafua sakafu.

Ndani ya chungu kigumu mzizi ukigonga ukuta hugeuka na kuanza kuzunguka, mpaka siku moja unatoa mmea unakuta umejifunga kama kamba iliyosokotwa. Kwenye kitambaa ncha ya mzizi ikifika ukutani hukutana na hewa, inakauka, na nyuma yake mzizi unatoa matawi mapya. Unapata mizizi mingi mifupi iliyojaa udongo wote badala ya michache mirefu inayozunguka. Siku za jua kali unaweza kulazimika kumwagilia asubuhi na jioni, kwa hiyo msahaulifu asiuguse. Mche mmoja wa nyanya ya aina inayorefuka upe mfuko wa lita 20 au zaidi. Pungufu ya hapo utakuwa mtumwa wa ndoo.

4. Kauri yenye mng'ao, yenye tundu

Ule mng'ao wa kioo huziba vitundu vya udongo, kwa hiyo kwa habari ya maji kauri ni plastiki yenye uzito. Uzito huo una faida kwa mmea mrefu unaoelemea upande mmoja. Mengine ni ya macho yako na mfuko wako.

Ukitaka kutoboa tundu mwenyewe, tumia keekee yenye ncha ya vigae, mwendo wa polepole, bila kugongesha, huku ukidondoshea maji mahali pa kutoboa. Nimepasua kimoja kwa haraka zangu. Cha pili kilikubali.

5. Chenye tangi la maji chini

Humo kuna akiba ya maji chini na utambi, au nguzo ya udongo, unaoyapandisha kidogo kidogo. Kwa anayesafiri na kwa mimea isiyopenda kukauka ni msaada wa kweli. Saintpaulia, yale maua madogo ya zambarau yenye asili ya milima ya Afrika Mashariki, hupenda kunyweshwa hivi kwa sababu majani yake yenye manyoya hupata madoa yakimwagiwa maji ya baridi.

Kwa mpungate ni hukumu ya kifo. Na kwa kuwa maji yanapanda tu bila kuteremka, chumvi za mbolea hujikusanya juu ya udongo; kila baada ya miezi michache mwaga maji mengi kutoka juu yazioshe, kisha umimine yaliyoshuka kwenye tangi. Angalia pia tundu la kujazia kama lina kifuniko. Maji yaliyotuama wazi ni kitalu cha mbu.

6. Saruji

Nzuri nje, kwa mti ambao hutauhamisha. Saruji mpya hutoa chokaa na kuupa udongo ukali wa alkali, kwa hiyo kioshe chungu na kukijaza maji mara kadhaa kabla ya kupanda. Kwenye roshani fikiria uzito: lita moja ya maji peke yake ni kilo 1. Chungu cha lita 40 kilichojaa udongo uliolowa, ukiongeza kuta za saruji, hakiinuliwi na mtu mmoja.

7. Bati na madebe

Yanapata joto upesi juani, yanashika kutu, na kingo zake hukata vidole. Kopo la rangi, dawa ya wadudu au mafuta ya mashine usilipandie chochote cha kuliwa, hata ukilisugua vipi.

Kipimo

Kosa la kununua kikubwa "ili mmea upate nafasi" ndilo linalogharimu zaidi. Ukubwa hudanganya macho. Chungu cha kipenyo cha sentimita 20 si kikubwa kidogo tu kuliko cha 15. Kama umbo ni lile lile, kinabeba udongo zaidi ya mara mbili. Mizizi michache haiwezi kunywa maji ya udongo wote huo, na yanayobaki ndiyo yanayoozesha. Unapohamisha mmea wa ndani, ongeza sentimita 2 hadi 5 za kipenyo, basi. Na usihamishe kwa kalenda. Subiri mizizi ichungulie matunduni, au maji yawe yanapita moja kwa moja bila udongo kuyashika.

Ukishachagua, usitoke dukani hivi hivi. Kininginize chungu cha udongo kwa kidole kimoja ndani ya tundu, kigonge kwa kifundo cha mkono mwingine: kizima hulia kama kengele, chenye ufa hutoa sauti butu hata kama ufa wenyewe huuoni. Weka kisahani chake chini uone kama kinaenea. Halafu tazama mdomo. Ukiwa mwembamba kuliko tumbo, kama mtungi, kirudishe, maana bonge la mizizi likishanenepa humo ndani, siku ya kuhamisha utakuwa na mawili tu, kuvunja chungu au kukata mizizi.