Silikoni ya Kuziba Mianya: Tathmini ya Bidhaa Muhimu Kabla ya Majira ya Baridi

Kati ya bidhaa zote zinazonunuliwa kwa ajili ya kukarabati nyumba kabla ya majira ya baridi, silikoni ya kuziba mianya, yaani uji mzito unaopakwa kwenye mwanya ukakauka kuwa kama mpira, ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza, kwa sababu inaondoa tatizo ambalo hata hita kubwa haiwezi kulimaliza: hewa baridi inayopenya kati ya fremu ya dirisha na ukuta, huku joto la ndani likitoroka kwa njia hiyo hiyo. Kuigundua mianya hiyo ni rahisi. Siku yenye upepo, pitisha kijiti cha udi kinachofuka polepole kuizunguka fremu. Pale moshi unapoyumba ghafla, hapo ndipo pa kuziba.

Anayekwenda kununua atakutana na aina mbili. Ya kwanza hutoa harufu kali ya siki wakati inakauka. Hushika barabara kwenye kioo na vigae, lakini hutafuna metali kama shaba na haishikamani vema na saruji. Ya pili, isiyo na asidi, hushika matofali, saruji, alumini na mbao, na kwa kazi ya fremu na ukuta ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Sifa yake kubwa ni kwamba hubaki laini baada ya kukauka, hivyo fremu inaposinyaa kwa baridi na kutanuka kwa jua, silikoni hunyumbuka pamoja nayo badala ya kupasuka. Kasoro yake ni kwamba rangi haishiki juu yake. Kwa hiyo, kwenye ufa wa ndani utakaopakwa rangi, kizibo cha akriliki kinafaa zaidi, ingawa hicho hakistahimili kusinyaa na kutanuka kwingi.

Kuhusu wakati wa kuipaka, wengi hungoja hadi baridi iwabane, na hilo linaipunguzia bidhaa hii ubora wake. Silikoni hukauka kwa kufyonza unyevu ulio hewani, kuanzia juu kuelekea ndani: utando wa juu hujifunga ndani ya dakika chache, lakini kina cha milimita 2 au 3 huhitaji takriban saa 24, na hewa baridi na kavu huirefusha kazi hiyo. Zaidi ya hayo, haishiki juu ya umande wala barafu, hata kama ni utando mwembamba usioonekana kwa macho.

Maandalizi ndiyo yanayoamua kama itadumu. Silikoni mpya haishikamani na silikoni kuukuu, kwa hiyo ile ya zamani lazima ikwanguliwe yote, kisha pande zote mbili zifutwe vumbi na mafuta na kuachwa zikauke. Mwanya wenye kina kirefu usijazwe silikoni tupu. Sukumiza kwanza kamba ya sponji iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ili silikoni ishike kuta mbili tu za mwanya. Ikishika na sehemu ya chini pia, hukosa nafasi ya kunyumbuka na huchanika.

Lawama yangu ni kwa maelezo ya “yafaa kwa kila kazi” yanayochapishwa kwenye baadhi ya mikebe. Haifai kwa kila kazi. Mlango na dirisha linalofunguliwa huhitaji utepe wa mpira, na hapa pia mpira halisi unaupita mbali utepe wa sponji, ambao hubonyea na kubaki bapa mapema. Matundu madogo yaliyo chini ya fremu za madirisha yametobolewa ili kutoa maji, nayo yasizibwe. Kubwa kuliko yote, tundu la hewa la chumba chenye jiko au hita ya gesi, kuni au makaa lisizibwe kamwe, kwa kuwa moto unaokosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Onyo hilo lilistahili kuandikwa kwa herufi kubwa mbele ya mkebe.

Kabla ya kulipa, geuza mkebe usome tarehe ya mwisho wa matumizi. Silikoni iliyopitwa na wakati inaweza kubaki ikinata kwa siku nyingi bila kukauka, na kuikwangua ikiwa katika hali hiyo ni kazi nzito kuliko ile ya kuipaka.